Nyumba miezi minne, shahada siku mbili: mbona furaha haikai?

SWALI

Shikamoo Daktari. Nina miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili. Kwa miaka sita nilikuwa na mambo matatu tu kichwani: kupata kazi ya kudumu, kuhamia nyumba yetu wenyewe na kumaliza shahada niliyoiacha njiani. Yote matatu nimeyapata ndani ya miaka miwili, namshukuru Mungu. Lakini furaha yake haikukaa. Kazi ilinifurahisha wiki tatu hivi. Nyumba, miezi minne. Hata lile dirisha kubwa la upande wa mashariki, nililobishana na fundi mpaka akalipanua, sasa napita mbele yake kana kwamba halipo. Shahada ndiyo iliyonishangaza zaidi, maana tulisoma usiku na wenzangu watatu kwa miaka mitatu, nami nikaifurahia siku mbili, basi. Tangu Januari, kila usiku saa nne kabla ya kulala, najipa alama ya furaha kwenye daftari, kuanzia sifuri mpaka kumi. Nyingi ni tano na sita. Nalala vizuri, nakula vizuri, siumwi. Mume wangu anasema sina shukrani. Je, nina kasoro gani? Na furaha ikija, nifanye nini ibaki?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Nimepiga mstari chini ya "siku mbili, basi", nikapiga mwingine chini ya "wenzangu watatu". Nitayarudia maneno hayo. Kwanza nikutoe hofu: huna kasoro. Unachokieleza humpata kila mwenye akili timamu, na kama kingekuwa ugonjwa, mimi na wenzangu wa kazi hii tungekuwa wa kwanza kulazwa.

Kinachokupata ni kuzoea. Ukiingia chumba kilichopakwa rangi leo, dakika za mwanzo pua inalalamika. Ukikaa nusu saa huisikii tena, ingawa harufu iko palepale. Atakayeshtuka ni yule anayeingia nyuma yako. Ubongo uko macho kwa ajili ya mabadiliko. Kile kinachojirudia bila kubadilika huwekwa kando ili ipatikane nafasi ya kushughulikia jipya. Katika maumivu, hii ni rehema. Ndiyo humfanya aliyefiwa, baada ya muda, ajikute amecheka bila kukusudia. Shida ni kwamba rehema hiyo haichagui: inapunguza uchungu na inapunguza utamu kwa mkono uleule. Waliosema mazoea yana taabu walikuwa na jambo jingine akilini, lakini msemo unafaa hapa pia.

Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Philip Brickman na Donald Campbell, walifananisha hali hii na kukimbia juu ya mashine ya mazoezi: miguu inakwenda, jasho linatoka, na mtu yuko palepale. Miaka saba baadaye, 1978, Brickman na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu, wengine 29 waliopooza kwa ajali, na 22 wa kawaida waliokaa maeneo yaleyale ya washindi. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kuwazidi watu wa kawaida. Kinachonigusa zaidi katika utafiti ule ni jambo lisilotajwa sana: vitu vidogo vya kila siku, kama kuongea na rafiki au kusikia mzaha mzuri, viliwapa washindi raha ndogo kuliko wengine. Ushindi uliyapunguza mwanga yale yaliyokuwa yakiwafurahisha zamani.

Utafiti huo ulikuwa mdogo, na tena hunukuliwa vibaya mno. Utasikia mtu akihubiri kwamba waliopooza walikuwa na furaha sawa na washindi. Hapana, walikuwa chini ya makundi yote mawili, ila si chini kwa kiasi ambacho wengi wangekisia. Nalisema hili kwa sababu kuna washauri wanaomwambia mtu aliyepoteza kazi, "utazoea tu." Richard Lucas na wenzake, waliotumia takwimu za Ujerumani zilizofuatilia watu walewale mwaka hadi mwaka, waliona kwamba waliopoteza kazi, kwa wastani, hawakurudi kikamilifu walipokuwa hata baada ya kupata kazi nyingine. Majeraha mengine hupona nusu. Kwa hiyo kazi uliyoipata usiidharau. Hata kama haikufanyi utabasamu kila asubuhi, imekukinga na jambo ambalo lingekuumiza kwa muda mrefu.

Hapo ndipo nataka kutenganisha vitu viwili ulivyovichanganya katika alama moja. Kiswahili kina maneno mengi hapa na tunayatumia ovyo. Raha huisikia mwili: umevua viatu vilivyokubana, umeoga baada ya safari. Furaha ni moyo kuchangamka kwa jambo fulani, kwa saa fulani. Kuridhika ni hukumu unayoitoa ukitazama maisha yako yote kwa pamoja. Huko Sweden, watafiti walifuatilia washindi wa bahati nasibu kwa miaka mingi, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Waliopata fedha nyingi waliridhika zaidi na maisha yao, na kuridhika huko kulidumu zaidi ya miaka kumi bila kuonyesha dalili ya kuyeyuka. Lakini walipoulizwa kuhusu furaha yenyewe na hali ya akili, badiliko lilikuwa dogo zaidi.

Sasa tazama nyumba yako kwa jicho hilo. Ningekuuliza, "Je, ungerudi mlikokuwa mnapanga?" nadhani ungeshtuka kwa swali lenyewe. Nyumba inafanya kazi yake, ambayo ni kukuridhisha. Kazi ya kukuchangamsha saa kumi na mbili jioni ya Jumanne hukuitengenezea mpango wowote. Ulidhani itakuja imefungwa pamoja na funguo. Sote hudhani hivyo. Wanasaikolojia Daniel Gilbert na Timothy Wilson wameandika mengi juu ya jinsi tunavyokosea kukisia hisia zetu za kesho: tunajua vizuri kipi kitatufurahisha na kipi kitatuumiza, tunachokosea ni ukubwa wa hisia hiyo na muda itakaokaa.

Nije kwenye daftari lako. Nakuomba uache zile alama, na uache leo. Kuna ubaya wa namna mbili. Wa kwanza, anayejipima furaha kila siku huanza kuidai. Mwaka 2011 Iris Mauss na wenzake waliwapa baadhi ya wanawake maandishi yanayosifu umuhimu wa kuwa na furaha, kisha wakawaonyesha filamu ya kufurahisha. Waliosoma maandishi yale waliifurahia filamu kidogo kuliko ambao hawakuyasoma. Walikuwa wamekaa kama mtu anayepika huku akifunua sufuria kila dakika. Ubaya wa pili ni kwamba alama ya saa nne usiku haipimi siku, inapima saa nne usiku. Ukiwa umechoka na mtoto ameshamwaga maji kitandani, asubuhi yote nzuri inasomeka tano.

Daftari lenyewe usilitupe. Litumie hivi. Chagua siku tatu, moja iwe ya mapumziko. Kila siku moja ikiisha, asubuhi inayofuata kaa uigawe jana yako vipande, kama mtu anayesimulia safari: nilianza kufanya hiki saa ngapi, nikamaliza saa ngapi, nilikuwa na nani, na nilijisikiaje pale. Siku nyingi hutoa vipande kumi mpaka kumi na tano. Mbinu hii ilitumiwa na Daniel Kahneman na wenzake katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, walipowauliza wanawake 909 wenye ajira huko Texas kuhusu siku yao iliyopita. Safari ya kwenda na kurudi kazini ilikuwa miongoni mwa vipande vibaya kabisa, na kukaa na kuzungumza na watu baada ya kazi kulikuwa miongoni mwa vizuri kabisa. Hakuna aliyehitaji msomi kumwambia hilo, utasema. Kweli, ila angalia ratiba yako uone ni kipi kati ya hivyo viwili ulichokipa saa nyingi.

Nikupe mfano ulionifundisha mimi mwenyewe. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike. Alinijia baba mmoja, mtu wa hesabu, amenyong'onyea kwa miezi miwili bila sababu anayoijua. Kazi ipo, ndoa ipo, afya ipo. Nikampa zoezi la vipande, lakini nikamwambia aandike siku ya kawaida ya zamani, kabla hajaanza kunyong'onyea. Aliandika vipande kumi na viwili, akanisomea kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. Alipofika saa kumi na moja na robo jioni akasita. Alikuwa ameandika: "Kumsubiri binti amalize kuogelea. Ngazi za zege. Yule baba mwingine." Nikamuuliza, baba gani? Jina lake hakulijua. Walikuwa wakikaa kwenye ngazi zile dakika arobaini, mara tatu kwa wiki, wakiwacheka makocha na kubishana juu ya mpira, kisha kila mtu anashika njia yake. Halafu likapatikana gari la kuwachukua watoto, na nyumbani wote wakafurahi kwamba baba amepunguziwa kazi. Alikuwa ameokoa saa mbili za wiki, na hakuna aliyejua, hata yeye, kwamba walichokiondoa ndicho kilikuwa kikimshikilia. Siku ileile alimwambia dereva asimchukue binti siku za Alhamisi.

Kama ungemwuliza yule bwana orodha ya mambo yanayompa furaha, ngazi za zege zisingekuwemo. Kwa hiyo nami sitakupa orodha. Furaha ya kila siku huwa haina sura ya jambo kubwa, na mara nyingi imejificha ndani ya kitu tunachokiita usumbufu. Ni vipande vyako ndivyo vitakavyokuonyesha, si mimi.

Narudi sasa kwenye "siku mbili, basi". Umeandika kwamba shahada ulisoma usiku na wenzako watatu kwa miaka mitatu. Nafikiri furaha ya shahada ile hukuipoteza. Ulikwisha kuila kabla ya kuhitimu, usiku kwa usiku, mlipokuwa mkisinzia juu ya vitabu na mmoja wenu akisema neno la kipuuzi mnacheka mpaka mnashindwa kuendelea. Sijui kama kulitokea hivyo hasa, lakini sijaona kundi la kusoma usiku ambalo halikuwa hivyo. Siku ya kuhitimu mlipewa karatasi, na siku hiyohiyo kundi likavunjika. Unashangaa karatasi imekosa ladha? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alifundisha kwamba maisha mema ni kutenda, hayakai kabatini kama kitu kilichopatikana. Katika barua yako yote nimewakuta mume, watoto, fundi na wewe mwenyewe. Rafiki hayumo, isipokuwa hao watatu, nao umewataja kwa wakati uliopita.

Hapa sina wasiwasi kusema kwa nguvu, kwa sababu ushahidi ni wa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya vijana wa kiume. Makundi mawili yaliyounganishwa baadaye yalifika watu 724, baadhi wanafunzi wa chuo hicho na wengine vijana wa mitaa maskini ya Boston. Wamefuatiliwa hadi uzeeni. Robert Waldinger, anayeuongoza utafiti huo, amekuwa akieleza kwamba walioridhika na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema walipofika 80, na kwamba kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko kolesteroli. Wala si lazima awe rafiki wa kufa na kuzikana. Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni na mabasi huko Chicago wazungumze na mtu wasiyemjua. Abiria walikisia safari itakuwa ya karaha, na waliozungumza wakashuka wakiwa na furaha kuliko waliokaa kimya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Naamini yule baba wa kwenye ngazi angewaeleza bila utafiti.

Kuhusu dirisha. Kuzoea hakuondolewi, ila huweza kukatizwa. Katika utafiti wa Leif Nelson na Tom Meyvis, mwaka 2008, watu walikandwa mgongo kwa dakika tatu, wengine mfululizo, wengine wakakatishwa katikati kwa sekunde chache. Wengi wangechagua mfululizo. Waliokatishwa ndio waliofurahia zaidi, kwa sababu mwili ulipata nafasi ya kusahau kidogo na kuonja upya. Weka pazia zito kwenye dirisha lako kwa wiki nzima, kisha lifungue Jumamosi asubuhi uwe umekaa, hujasimama na ufagio. Linaonekana jambo la kitoto, nami nimelifanya, halafu nikacheka peke yangu. Au hamisha kiti. Watu huhama nyumba wakitafuta upya ambao wangeupata kwa kugeuza meza.

Lipo na suala la akili kutokuwepo. Matthew Killingsworth na Gilbert, katika utafiti wa mwaka 2010, waliwatumia watu 2,250 maswali kwenye simu wakati wowote wakiwa macho: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Katika asilimia 46.9 ya majibu, mtu alikuwa akiwaza jambo jingine tofauti na alilokuwa akilifanya, na kwa kawaida hali hiyo ilikwenda na furaha ndogo, hata kama kilichofanyika kilikuwa cha kuchosha. Mimi huosha vyombo huku nikigombana kichwani na mtu aliyenikosea kabla wewe hujazaliwa, na huwa namshinda kila siku. Sitakuamuru ukae ukihesabu pumzi kama hupendi. Ila simu ikiwa mkononi wakati mwanao anakuonyesha mchoro, kipande hicho umekiuza bure.

Mume wako. Anasema huna shukrani, na naona neno hilo limekuuma, ndiyo maana ukaliweka karibu na mwisho. Kutokuwa na shukrani ni kosa la tabia, na kuzoea ni kazi ya ubongo. Hayo mawili yanafanana kwa mbali tu. Muulize kwa upole, bila kushindana, ni lini yeye mara ya mwisho alisimama mbele ya nyumba hiyo akaishangaa. Bila shaka naye amezoea, ila hajipi alama.

Akisema uandike shukrani zako kila siku, mwambie hata hilo lina kipimo. Robert Emmons na Michael McCullough walionyesha mwaka 2003 kwamba walioandika mara moja kwa wiki mambo matano ya kushukuru walijisikia vizuri kuliko walioandika kero zao. Baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake wakaona mara moja kwa wiki inafaa kuliko mara tatu. Shukrani ikigeuka zamu, nayo huzoeleka. Afadhali moja iliyonyooka, tena aambiwe mwenyewe anayehusika.

Nimalizie na tahadhari ambayo siwezi kuiacha. Wewe unalala, unakula, unafanya kazi na bado unatamani. Sioni sonona katika barua yako. Lakini kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, moyo umezama au vitu vyote vimekosa ladha hata vile ulivyovipenda sana, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, hamu ya kula imebadilika, mwili umeishiwa nguvu, unajiona huna thamani au mawazo ya kifo yanakujia, basi usihangaike na mapazia wala vipande. Hapo anatakiwa mtaalamu wa afya, tena mapema. Mawazo ya kujidhuru yakitokea, ni siku hiyohiyo. Sonona hutibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa au kwa vyote viwili.

Kwa sasa kazi yako ni ndogo. Siku tatu za vipande, pazia, na mmoja wa wale watatu. Usimtumie ujumbe wa kumtakia siku njema. Watu hujibu kwa kidole gumba na mambo yanaishia hapo. Mpigie. Kama hujui utaanzia wapi, mkumbushe usiku mmoja wa ile miaka mitatu, ule ambao hamkusoma kitu. Na saa nne usiku, mkono ukianza kutafuta kalamu kwa ajili ya alama, huo ndio wakati mzuri wa kupiga simu hiyo.